Kula na Kulishwa

Picha ya mkimbizi anayekula inakubalika ikiwa ameshika sahani kwenye foleni. Yule anayemmiminia maharagwe anaonekana mkono tu, au fulana yake yenye nembo. Watu wanaiangalia ile picha, wanasikitika, wanachanga. Sasa mchukue mkimbizi huyohuyo, mkalishe kwenye hoteli ndogo ya Wahindi, mbele yake chapati ya moto, mchuzi wa dengu na kikombe cha chai, halafu piga picha. Hapo maneno yanageuka. "Kumbe hawa wako vizuri." "Kumbe msaada unaliwa hotelini." Mtu ni yuleyule na tumbo ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii amekaa.

Nafanya kazi na vijana hapa Kampala, wengi wao Wakongomani na Warundi, na swali hili limenikalia kichwani karibu mwaka mzima: mtu ambaye nyumbani kwao unga unapimwa kwa kikombe, ana haki ya kulipa pesa akae ahudumiwe? Siulizi habari ya sheria. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea tunakotaka, na hakuna kifungu kinachokataza biriani. Nauliza haki ile nyingine, ile ambayo mama yako anaweza kukuuliza usiku taa imeshazimwa, ukajifanya umelala.

Kisa chenyewe ni kidogo. Kikundi chetu kina vijana tisa. Wanatengeneza sabuni ya maji, wanauza kwenye saluni na kwenye nyumba za kupanga. Baada ya miezi mitatu, tukitoa gharama ya dawa, madumu na usafiri, ilibaki faida ya shilingi 216,000, yaani 24,000 kwa kila mtu. Kwenye mkutano msichana mmoja akasema: kila mtu achukue nusu aende nayo nyumbani, na nusu ile nyingine twende tukale pamoja mahali pa kukaa. Siyo rolex ya kusimama barabarani, akasema, mahali pa kukaa. Wanane wakanyoosha mkono. Mmoja akasema, "Mimi nipeeni yangu yote." Akapewa yake yote. Wanane wakaenda, na mimi nikaenda kwa pesa yangu.

Wiki iliyofuata mama wa mmoja wao akanisubiri nje ya chumba chetu cha mikutano. Hakugomba. Alisema kwa sauti ya chini kabisa: "Mwalimu, elfu kumi na mbili ni kilo ine za bunga. Batoto bamekula saa moja. Sisi tungekula siku ine."

Nimeshasikia watu wa semina wakijibu maneno kama haya kwa neno moja: heshima. Binadamu anahitaji heshima pia, siyo unga peke yake. Ni kweli, lakini ni jibu jepesi sana mbele ya mama yule. Heshima haipikwi. Ukiwa na watoto watano na sufuria moja, hesabu ya kilo nne haina kosa hata kidogo, na anayeidharau hajawahi kuifanya. Wengi wetu tunaoishi mjini hatupati mgawo wa chakula. Mgawo uko kwenye makambi, na huko nako tangu 2023 familia zimepangwa kwa makundi, wengine wamepunguziwa, wengine wameondolewa kabisa. Kwa hiyo mama yule hakuwa anasema habari ya uchoyo. Alikuwa anasema habari ya siku nne.

Hata hivyo naona vijana wale hawakukosea. Nitajaribu kueleza kwa nini, na nitaanzia pale mezani kwenyewe, maana ndipo nilipoanza kufikiri.

Hoteli ile iko Old Kampala, kwenye kichochoro nyuma ya majengo ya zamani, yale ambayo juu ya mlango yameandikwa jina la Kihindi na mwaka wa kujengwa. Ina meza sita. Haiuzi nyama, kibao kinasema hivyo tangu mlangoni, na vijana wawili walitaka kurudi walipokisoma. Pembeni amekaa mama mzee wa Kihindi na sinia ya mchele mapajani, anachagua mawe. Mhudumu, kijana wa hapahapa Uganda, akaja na kidaftari akauliza kwa Kiswahili chake cha mjini: "Mtakula nini?"

Kimya. Nikawaangalia. Hawa ni watoto wanaojua kubishana bei ya dumu mpaka muuzaji anakimbia, na sasa kila mtu anaangalia meza. Mwishowe mmoja, ana miaka kumi na saba, akasema, "Chochote."

Mhudumu akasema, "Chochote hatuna."

Tulicheka sana, naye alicheka. Lakini mimi neno lile halikunitoka. Kijana wa umri ule ukimuuliza utakula nini, akajibu chochote, siyo kwamba hana hamu. Ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri. Kuna kula, na kuna kulishwa. Mtoto mchanga analishwa, mgonjwa analishwa, mfungwa analishwa. Siyo aibu kulishwa. Sote tumeanza hivyo na wengi tutaisha hivyo. Ila mtu akilishwa miaka saba wakati ana mikono, kuna kitu kinalala ndani yake. Sahani ikija anashukuru, isipokuja anasubiri, na akiulizwa anataka nini, anasema chochote.

Basi nikafikiri nimepata jibu: tofauti ni kuchagua. Anayechagua anakula, asiyechagua analishwa. Nikakaa na jibu hilo kama wiki mbili hivi, halafu likavunjika, na aliyelivunja ni Mhindi mwingine.

Masingasinga wana desturi inaitwa langa. Ilianza na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, yapata miaka 500 iliyopita. Kila hekalu lao lina jiko, na anayeingia anakula bure, wa dini yoyote, tajiri na ombaomba. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini kwenye mstari na wenzako, unapewa dengu, mboga na chapati. Nyama haipikwi, ili asiwepo wa kukataa kwa ajili ya dini yake. Kule Amritsar, kwenye Hekalu la Dhahabu, wanalisha makumi ya maelfu kila siku. Na si mbali na sisi pia: Makindu, njiani kati ya Nairobi na Mombasa, kuna hekalu lililojengwa 1926 na Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli, na mpaka leo msafiri akipita anakula na anaweza kupata pa kulala bila kulipa. Jamaa mmoja wa kwetu aliyepita pale akiwa hana kitu ndiye aliyenisimulia. Alisema, "Nilikula kama mtu."

Nikamuuliza, ulichagua? Hapana. Ulilipa? Hapana. Foleni ilikuwepo? Ilikuwepo. Basi kwa nini ulikula kama mtu, wakati kambini ulikula kama namba? Akafikiri kidogo, akasema aliyekuwa anagawa chapati alimaliza kugawa, akaja akakaa karibu naye, akala.

Hapo ndipo naona penyewe. India kwa karne nyingi watu waligawanywa hata kwenye chakula: nani apike, nani aguse maji ya nani, nani akae na nani. Langa ilikuja kuvunja hiyo. Wanasimulia kwamba hata mfalme Akbar alikaa chini na watu kabla ya kuonana na Guru wa wakati ule. Sijui kama mfalme alishiba. Lakini maana yake naielewa. Kinachomshusha mtu siyo kupewa. Ni kupewa na mtu ambaye chakula kile yeye mwenyewe hatakigusa. Yule wa fulana yenye nembo anagawa maharagwe, halafu saa saba anapanda gari anaenda kula kwingine. Simlaumu, pengine ni amri ya kazi yake. Ila sote tunajua, na yeye anajua kwamba tunajua.

Sasa rudi pale hotelini, maana niliona kitu ambacho siku ile sikukielewa. Tulipoletewa thali, ile sinia ya chuma yenye vibakuli vidogo, dengu, viazi na njegere, bilingani, maziwa mgando, achari, wali, chapati mbili, vijana walianza kutafuta uma. Waliona hoteli ni mahali pa uma. Mama mzee wa pembeni alikuwa ameshaweka mchele chini, naye ameletewa thali yake, ileile, na anakula kwa mkono wa kulia, taratibu, anachovya, anakunja, hata hatuangalii. Vijana wakamwona. Mmoja baada ya mwingine wakaacha kutafuta uma. Na baadaye, tukiwa kwenye chai, wahudumu wawili wakakaa meza ya nyuma na dengu ileile. Mhudumu akawa anarudi kuongeza: dengu, wali, chapati, mpaka useme basi. Na kusema basi ukiwa umeshiba ni jambo ambalo vijana wale walilifanya kwa furaha ya ajabu, wakifunika sahani kwa mkono kama wazee kwenye harusi.

Nisiipambe hoteli ile. Mwenyewe anahesabu pesa yake vizuri sana, na usawa wa pale mezani unanunuliwa 12,000. Ukiwa na 11,000 unakaa nje. Usawa wa pesa ni usawa wa saa moja. Lakini ni usawa wa saa moja, na kuna vijana hawajawahi kupata hata huo.

Tulipokuwa tunalipa, mwenye hoteli akauliza tunatoka wapi. Kongo, Burundi. Akatikisa kichwa, akasema baba yake pia alikuwa mkimbizi. Kijana mmoja akacheka, akidhani ni utani. Mhindi mkimbizi? Tumezoea kuwaona nyuma ya kaunta. Hapo nikalazimika kuwasimulia vijana njiani mambo ambayo shuleni walipitishwa haraka. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wenye pasi za nje waondoke Uganda ndani ya siku 90, na mwishowe hata wengi wenye uraia wa hapa walijikuta hawana pa kusimama. Maduka, nyumba, viwanda, vyote viliachwa. Karibu 28,000 walipokelewa Uingereza, na wengi wao waliwekwa kwanza kwenye kambi za zamani za jeshi. Maelfu walienda Canada. Baba wa huyu bwana alikuwa kwenye kambi mojawapo ya Uingereza, na mwanawe anasema mzee hakuwahi kulalamika habari ya baridi; alilalamika habari ya viazi vya kuchemsha. Kila siku viazi, visivyo na hata pilipili. Walishukuru na hawakula vizuri, vyote viwili kwa pamoja. Yeye mwenyewe alirudi miaka ya 1990, baada ya serikali kuwaita na kuanza kurudisha mali.

Mimi sipendi mfano wa kulazimisha, kwa hiyo niseme wazi: hatufanani. Wengi wao walikuwa na pasi ya nchi kubwa mfukoni, walikuwa na biashara, wana ndugu London. Sisi wengi tuna karatasi moja yenye picha, nayo ina tarehe ya kuisha. Wapo Waganda wanaokumbuka pia kwamba kabla ya 1972 Muhindi alikuwa bosi na Mwafrika alikuwa boi, na kumbukumbu hiyo siyo uongo. Lakini katika jambo moja tuko pamoja. Mtu anayeitwa mgeni anahesabiwa anachokula. Muhindi akila vizuri, amenyonya nchi. Mkimbizi akila vizuri, amedanganya njaa. Mwenyeji akila vizuri, amekula tu.

Na kuna mzaha hapa ambao mwenyeji hauoni. Chapati ile tunayoiita chakula cha Uganda, tunayokunjia mayai ikawa rolex, ilikuja na watu haohao. Reli ya kutoka Mombasa ilipojengwa kuanzia 1896 mpaka ikafika ziwani 1901, waliletwa kutoka India wafanyakazi zaidi ya 30,000. Takriban 2,500 walikufa, wengi wa waliobaki walirudi kwao, na elfu kadhaa wakakaa. Chapati imekaa. Hata neno gari, neno laki, neno bima, yote yametoka India na leo hakuna anayeyaomba kibali. Chakula kinapata uraia haraka kuliko mpishi wake.

Wazee wetu wana msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida unasemwa kwa ukali kidogo, kumwambia mgeni kwamba amezidi. Mimi naanza kuusikia vingine. Siku ile ya tatu mwenye nyumba anamtoa mgeni kwenye kulishwa. Anamwambia: kuanzia leo unachokula kina jasho lako ndani, kwa hiyo una neno juu yake. Sabuni ndiyo jembe la vijana wangu. Na mwenye jembe akivuna, huwezi kumwambia alime kama mtu mzima halafu achague kama mtoto.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama yule, nililompa kwa heshima na ambalo hakulipenda, lilikuwa hili. Kama pesa ingekuwa ya msaada, iliyoletwa kwa ajili ya unga, kwenda nayo hotelini ingekuwa wizi, hata kama dengu ni tamu namna gani. Kama wangechukua yote bila kuleta nusu nyumbani, ningekuwa upande wako. Kama mtoto angelazimishwa aende ili kikundi kionekane kina umoja, ningekataa. Lakini hii ilikuwa faida yao, nusu ililetwa, na aliyekataa aliachwa. Siku nne za unga ni nyingi, sikatai. Lakini kijana aliyejibu "chochote" amebeba miaka saba.

Mwenzangu mmoja wa kazi aliposikia kisa hiki akafurahi sana, akasema tuombe bajeti, tupeleke vijana wote hotelini mara moja kwa mwezi, tuite ni mafunzo ya kujiamini, tuweke na bango. Nilikataa, na bado tunabishana. Naona siku tutakapowapeleka na bango, na mtu wa kupiga picha amesimama, na karatasi ya kusaini mahudhurio, tutakuwa tumewalisha tena. Meza itakuwa ileile, thali ileile, lakini pale atakapoulizwa atakula nini, atatuangalia sisi kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo sina ufumbuzi wake, na nadhani ndilo lililomuuma mama kuliko kilo nne. Kwetu, mtu anayekula nje akarudi nyumbani amejipangusa mdomo ana jina baya. Chakula kikubwa ni kile cha sinia moja, fufu katikati, sombe pembeni, na mkono wa kila mtu. Kula nje ni kama kusema sinia ya nyumbani haitoshi. Na kweli haitoshi. Lakini kuna mambo ya kweli ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake. Vijana walilijua hilo kabla yangu. Pale mezani, dengu ikiwa inaongezwa mara ya tatu, nilimwona msichana yule aliyetoa wazo akikunja chapati mbili ndani ya karatasi ya daftari na kuziingiza kwenye mfuko. Utaratibu wa pale ni kwamba unakula utakavyo lakini hubebi. Mhudumu alimwona. Akageuza uso akaenda kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Yule kijana aliyechukua 24,000 zake zote hakutuambia alizifanyia nini, wala hatukumuuliza. Wenzake walipokuwa wanamsimulia habari ya maziwa mgando na achari, alisikiliza, akacheka pale pa "chochote hatuna," akaendelea kukoroga dumu. Sioni kwamba alikuwa na kiburi, wala kwamba wale wanane walikuwa na tamaa. Nimejaribu kutunga kanuni moja itakayowaenea wote tisa na imenishinda.

Sabuni ya msimu huu imeuzwa zaidi, na mwezi ujao kuna mkutano wa kugawa. Mama yule amesema safari hii atakuja mwenyewe aseme. Nimemwambia karibu sana mama, kiti kipo, lakini kura ni ya waliokoroga.